Tindikali iliyochoka ni mali, tusiiache imwagwe

Hewa ya bahari haina huruma na chuma. Hapa Malindi geti lisilopakwa zinki huanza kutoa madoa ya kutu hata kabla rangi yake haijachujuka. Kwa hiyo sina ugomvi na viwanda vya chuma na mabati vya Mariakani, kaunti hii hii yetu ya Kilifi. Tunavihitaji. Ninalotaka tulijadili ni ile tindikali ya kuoshea chuma.

Zinki haishiki juu ya kutu. Lazima chuma kiloweke kwanza, mara nyingi kwenye asidi ya haidrokloriki ya asilimia 15 hivi, mpaka kutu na magamba yayeyuke. Chuma kikishazidi ndani ya hodhi, tuseme gramu 100 hadi 150 kwa lita, asidi imechoka na mwenye kiwanda anatafuta pa kuipeleka.

Njia iliyozoeleka ni kuiua kwa chokaa, na hesabu yake inaniuma. Kila kilo ya asidi yenyewe, ukiacha maji yaliyomo, hula takriban kilo nzima ya chokaa iliyozimwa, na chuma kilichoyeyuka nacho kinadai chokaa yake. Mwishowe linabaki tope jekundu lililojaa maji. Umenunua asidi, umenunua chokaa, umelipia lori na shimo la kutupia, na huna hata kitu kimoja cha kuuza.

Wakati mali ilikuwa humo humo! Asidi iliyojaa chuma ikitiwa klorini hugeuka kloridi ya feriki, ambayo hufanya kazi ile ile ya shabu tunayoikoroga kwenye mtungi: inakusanya uchafu ukatuama chini. Mitambo ya kusafisha majitaka katika nchi nyingi huinunua. Viwanda vikubwa huenda mbali zaidi. Huinyunyiza asidi chakavu ndani ya tanuri, mvuke wa asidi ukanaswa na kurudi hodhini karibu wote, na chuma kikatoka kama unga mwekundu unaonunuliwa na watengenezaji wa rangi na sumaku.

Lakini tanuri hilo ni ghali na linakula mafuta. Kiwanda kidogo hakiliwezi, na sikubaliani na wanaotaka kila mmoja ajenge lake. Nionavyo mimi, kituo kimoja cha pamoja Mariakani, kinachopokea asidi ya viwanda vyote vya Pwani, ndicho chenye nafasi ya kujilipa.

Sharti ni kutochanganya. Vyuma vinavyorudishwa kuvuliwa zinki ya zamani viwe na hodhi yao. Zinki ikiingia kwenye asidi ya chuma, tanuri linasumbuka na mnunuzi wa kloridi ya feriki anaikataa. Ikitengwa, kloridi ya zinki nayo ina soko lake, maana ni kiungo cha dawa ambayo chuma huchovywa kabla ya kuingia kwenye zinki iliyoyeyuka. Gharama ya kutenga ni hodhi moja zaidi.

Kwa nini basi haifanyiki kila mahali? Kwa sababu kumwaga ni rahisi kuliko yote. Tazama fundi wa mtaani anayeloweka bolti zenye kutu kwenye beseni la maji ya betri. Akimaliza, anamwaga chini. Saruji inachemka povu na kubaki na mashimo, na maji yanazama kwenye mawe ya matumbawe, ambamo ndimo visima vyetu vimechimbwa. Yeye halipi kitu. Analipa jirani.

Wala urejelezaji peke yake si kinga. Owino Uhuru, Mombasa, watu walidhurika kwa madini ya risasi (ledi) yaliyotoka kwenye kiwanda cha kurejeleza betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kituo ninachokitaka kipimwe hewa na maji yake, na vipimo vibandikwe hadharani ambapo mkazi yeyote anaweza kuvisoma.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tunayo. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, itoze ada kwa kila lita ya asidi inayouawa kwa chokaa badala ya kurejelezwa, ada kubwa kuliko nauli ya lori hadi Mariakani, na pesa hiyo iende kujenga kituo.