4,294,967,297: namba iliyomshinda Fermat kabla hajaigusa

Mwaka 1640 mwanahisabati Pierre de Fermat alishikilia kwamba 2 ikipewa kipeo 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili, kisha ukajumlisha 1, jibu ni namba tasa daima. Tano za mwanzo zinamtii: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Ya sita, 2³² + 1, ni 4,294,967,297. Leonhard Euler aliivunja mwaka 1732: 641 × 6,700,417.

Utetezi unaozoeleka ni kwamba Fermat hakuwa na kikokotoo. Siukubali. Ni kweli kwamba kujaribu namba tasa zote 6,542 zilizo chini ya 65,536, takriban kipeuo cha pili cha namba hii, ni adhabu, lakini kanuni yake mwenyewe inaziondoa karibu zote. Kanuni hiyo yasema: p ikiwa tasa witiri, 2 kwa kipeo p − 1 huacha baki 1 ukigawanya kwa p. Sasa, p ikigawanya 2³² + 1, basi 2³² huacha baki p − 1 na mraba wake, 2⁶⁴, huacha 1; kipeo kidogo kabisa cha 2 kinachoacha baki 1 ni 64, hivyo 64 sharti igawanye p − 1. Tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, 641... Jibu ni la tano! Tena 257 unairuka, maana namba mbili tofauti za Fermat, yaani za mfululizo huu, hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1.

Kuhakiki 641 hakuhitaji hata kuiandika namba yenyewe. Anza na 2⁸ = 256. Mraba wake ni 65,536. Toa 641 × 102, inabaki 154. Mraba wa 154 ni 23,716. Toa 641 × 36, inabaki 640. Ongeza ile 1, unapata 641. Imegawanyika. Wengi hukosea kwa kusubiri hadi mwisho ndipo wagawanye. Punguza kila hatua, tarakimu zisikuelemee.

Na 6,700,417 je? Édouard Lucas alionyesha baadaye, mwaka 1878, kwamba kigawo tasa cha namba yetu lazima kiwe 128k + 1, k ikiwa namba kamili. Hadi kipeuo cha pili cha 6,700,417, takriban 2,588, ukishaacha 257 zinabaki tasa nne tu: 641, 769, 1,153 na 1,409. Ukigawanya 6,700,417 kwa kila moja, baki ni 44, 120, 334 na 622. Basi ni tasa.

Ukitoa 2 kwenye namba yetu unapata 4,294,967,295, ambayo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, yaani zile tano zote. Hiyo ndiyo idadi witiri kubwa kuliko zote zinazojulikana ya pande za umbo sawa (lenye pande na pembe zote sawa) linaloweza kuchorwa kwa rula na bikari. Kuchora kwenyewe, sahau.

Kwenye programu, angalia mambo mawili. Namba kamili ya biti 32 isiyo na alama (isiyoweza kuwa hasi) huishia 4,294,967,295, hivyo namba yetu inageuka kuwa 1 kimyakimya. Tumia biti 64, na wakati wa kuzidisha tumia 128. Pili, jaribio la utasa linalotegemea 2 peke yake, yaani kuona kama 2 kwa kipeo cha namba yetu kasoro 1 (ambacho ni 2³²) huacha baki 1, litaipitisha, kwa sababu 64 inagawanya 2³² bila baki. Tumia 3, kwa jaribio linaloitwa la Pépin, mwanahisabati aliyeandika kulihusu mwaka 1877: iinue mraba mara 31, ukipunguza kila mara. Ingekuwa tasa, baki ingekuwa 4,294,967,296. Haiwi.