Ile Video ya Lemingi: Yowe la Kwanza Si Langu

Haya, najua mmeshaiona. Tangu jana usiku simu yangu haipumui, na kila anayenitumia ile video anadhani yeye ndiye wa kwanza. Aliyeirusha ni Mkenya mmoja tunayesoma naye huku Uswidi, tena akaipamba na maneno: "Msee wa TZ amehepa panya," yaani jamaa wa Tanzania kamkimbia panya. Panya mwenyewe ni lemingi, panya mnene mwenye mkia mfupi wa huku kwenye baridi. Imeshafika kwa Watanzania wa Stockholm, imeshafika kwenye kundi la tuliosoma wote sekondari, na leo asubuhi imeingia kundi la ukoo. Basi ngoja niisimulie mwenyewe kabla haijaongezwa chumvi zaidi.

Jambo la kwanza. Ukisikiliza vizuri, mle ndani kuna mayowe ya viumbe wawili. La kwanza si langu. La pili, na lile refu linalofuata, tutafika huko.

Tulikuwa mlima Helags, mpakani karibu na Norway, kilele chake ni karibu mita 1,800, mahali ambapo barafu haiishi hata mwezi wa saba. Kazi yetu ni kuokota mavi. Ndiyo, mavi. Mama anajua kwamba nasomea wanyamapori; mambo ya mavi nilikuwa sijamfikishia, sasa mmemfikishia nyinyi, asanteni sana.

Ni mavi ya mbweha wa Aktiki, yule anayekuwa mweupe pe wakati wa baridi. Ngozi yake ilimponza. Aliwindwa mpaka Uswidi ikapiga marufuku mwaka 1928, na hata hivyo ilipofika mwaka 2000 Uswidi, Norway na Finland kwa pamoja zilikuwa na wakubwa kama 40 hadi 60 tu. Hawa wa Helags walikuwa wachache mno, mwisho wakaanza kuoana ndugu kwa ndugu, na watoto wao hawana afya. Mwaka 2010 wakatokea madume watatu, wamezaliwa kwenye kituo cha Norway cha kuzalisha mbweha, wakaachiwa huru, wakavuka mpaka kwa miguu bila viza. Wakaoa hapo. Watoto wao wakawa wanapona karibu mara mbili ya wale waliozaliwa na ndugu kwa ndugu. Madume watatu tu, wadau! Sasa ili ujue nani ni mtoto wa nani, humkimbizi mbweha ukamwomba mate. Unaokota mavi yake, kwa sababu yanapopita tumboni yanabeba chembe za utumbo, na humo mna vinasaba vyake. Ndiyo sayansi niliyoivukia bahari.

Halafu kuna suala la simba. Wazungu wa timu yetu walipojua natoka Tanzania, kila jioni ilikuwa simba, simba. Nami sikuwakatisha tamaa. Niliwaeleza jinsi unavyosimama imara, unavyomkazia macho, usivyogeuza mgongo. Mkenya akawa ananitazama tu huku anakoroga uji wake wa pakiti. Anajua fika mimi ni wa Tandika. Simba pekee niliyemzoea ni yule wa Msimbazi, na mimi ni Yanga.

Sasa siku yenyewe.

Nimechuchumaa kwenye mlango wa pango. Pango la mbweha huku halijifichi: mavi na mabaki ya chakula cha miaka na miaka yamerutubisha udongo, kwa hiyo unaona kipande cha majani mabichi kabisa katikati ya mlima wa mawe na kahawia. Mkono wa kulia nimevaa glovu, nimeshika kijiti. Wa kushoto nina kichupa. Mdomoni nimebana bahasha yenye namba. Kijiti kimeinua kipande kimoja kizuri (ukishaifanya kazi hii unaanza kujua mavi mazuri na mavi ya hovyo, usinihukumu), kikavu, kimechongoka mwishoni, manyoya yamejisokota humo ndani, na kijino kimoja kinachungulia. Kijino cha lemingi. Mwaka ambao lemingi ni wengi, mbweha karibu hali kingine, na jike mmoja anaweza kuzaa hata watoto kumi na kitu kwa mpigo. Lemingi wakipungua, mbweha wengi hawazai kabisa. Mlima mzima unamtegemea panya.

Nyasi zikatikisika.

Akatoka. Kichwa na mabega meusi, mgongo wa njano iliyoungua, tumbo la rangi hafifu, mkia wa kusingizia tu. Ungemweka kwenye kikombe cha chai na nafasi ingebaki. Sasa, panya wa kwetu mna makubaliano naye: mkikutana jikoni, wewe unashtuka, yeye anakimbia. Huyu makubaliano hayo hakuwahi kuyasikia. Alisimama. Akanitazama mimi. Akakitazama kijiti. Akanitazama tena.

Jaribu kuiona hali kwa macho yake. Jitu limepiga magoti mlangoni kwa adui wa ukoo wao, limebana karatasi kwa meno, na mkononi limeshika kijiti chenye jino la shangazi.

Akarudi nyuma mpaka makalio yakagusa jiwe, akainuka, akafungua mdomo nikaona meno mawili marefu ya chini, akapiga yowe. Hilo ndilo la kwanza mnalolisikia. Jamani, sauti ile na mwili ule haviendani, nilidhani kuna mwingine nyuma yake.

(Kwa mliouliza kama alikuwa mgonjwa: hapana, ndivyo walivyo. Mtafiti wa Uswidi, Malte Andersson, aliandika mwaka 2015 kwamba ile rangi na zile kelele ni onyo la makusudi kabisa, kumwambia adui "mimi nang'ata, nitakusumbua." Panya wengine wa huko huko wana rangi ya udongo na wanajificha kimya. Tena vinasaba vya lemingi hawa vinaonyesha dalili kwamba mababu zao walibaki huku huku Skandinavia wakati wa barafu kuu, zama zile barafu nene ilipoifunika nchi. Kiumbe ambaye hakuikimbia barafu, anikimbie mimi wa Tandika? Na wale mnaoandika "si hao ndio wanajirusha majabalini wajiue?", hiyo ni hadithi. Kuna filamu ya mwaka 1958 iliyoonyesha hivyo, na ilikuwa igizo: walirushwa na watengenezaji. Turudi.)

Nikamwambia "pole." Kwa Kiswahili. Sijui kwa nini.

Akaruka. Tunapozungumzia panya kuruka, mnafikiria kuruka kukimbia. Huyu aliruka kuja, akatua karibu na ncha ya kiatu changu, akapiga yowe tena kutoka huko chini. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka, bahasha ikadondoka, na yowe la pili likatoka. Hilo ni langu, silikatai. Mkono wa kulia nao ukapanda juu wenyewe, kwa kasi, na kijiti kikiwa humo.

Kile kipande kikapaa. Nilikiona. Kilizunguka taratibu kwenye mawingu meupe, na akili yangu ikapata muda wa kufikiria "sampuli nzuri vile." Kisha sikukiona tena.

Kisha nikahisi kitu kimeingia kwenye kola.

Sasa hapa, ndugu zangu, ndipo video inaponionea. Kamera ilikuwa mbali, hamkioni kilichoingia. Nawaomba mfikirie mnachokijua wakati huo: mbele yako kuna mnyama mdogo mwenye manyoya, anaruka, ana hasira. Unafumba macho kidogo tu. Ukifumbua, hayupo pale alipokuwa (alikuwa amerudi kwenye jiwe lake, lakini nani alikuwa na muda wa kuangalia). Na mgongoni mwako, ndani ya fulana, kuna kitu kidogo chenye manyoya na kitu chenye ncha, kinashuka.

Ndipo likatoka lile yowe refu.

Kwa hiyo mnaponiona nateremka mlima huku navua koti, halafu sweta, halafu natupa begi, halafu navuta fulana inakwama kichwani, halafu nakimbia bila kuona mbele, naomba muelewe kwamba simkimbii panya. Mimi najua panya yuko na mimi, tunakimbia wote. Kadiri ninavyokimbia ndivyo anavyoshuka, na kadiri anavyoshuka ndivyo ninavyokimbia. Nikaingia kwenye kinamasi. Kinamasi cha huku ni maji ya barafu iliyoyeyuka, na kinaonekana kama uwanja mpaka utie mguu. Nikatia miguu yote miwili, halafu magoti, halafu kifua.

Nyuma, mlimani, lemingi bado anafoka. Hilo nalo limo kwenye video, sekunde za mwisho, wanaocheka sana huwa hawalisikii.

Waliobaki wakaja. Kiongozi wetu, mama mmoja wa Kiswidi asiyecheka ovyo, akanitazama nikiwa tumbo wazi nimejaa matope na mbu, akaniuliza namba ya sampuli ilikuwa ngapi. Kipande kilipatikana kwenye kiuno cha suruali. Kimeloa jasho langu, hakifai. Akaandika kwenye fomu "imeharibika," na kwenye sehemu ya sababu akafikiri kidogo, akaandika "lemingi." Bahasha ikaokotwa, fulana ikaoshwa, kesho yake tukaendelea na pango jingine. Habari za simba hazijaulizwa tena.

Mkenya anasema hawezi kuifuta video kwa sababu ni "data." Kwenye kundi la ukoo nimeandika utetezi huu wote, pamoja na mambo ya Andersson na barafu kuu. Watu kimya. Baada ya muda mrefu mjomba akauliza swali moja tu: "Huko paka hamna?"

Aliyemjibu ni Mkenya. Hadi sasa natafuta nani kamwingiza kwenye kundi la ukoo wetu.