Sanamu ya Askari na wapagazi wasio na majina

Wanaotaka Sanamu ya Askari iondolewe katikati ya Dar es Salaam hawakosi hoja. Waingereza waliizindua mwaka 1927, pale pale walipoing'oa mwaka 1916 sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, na kwa hiyo kanuni iliyomwondoa yule yaweza kumwondoa na huyu. Isitoshe, inaadhimisha jeshi la mfalme wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ilhali Watanganyika wengi walipigana chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, na hao hawakutajwa.

Hata hivyo, wanaotaka ibaki hudhaniwa kuwa wanautetea ukoloni, dhana isiyo ya haki. Katika sanamu ya Wissmann, askari Mwafrika aliwekwa chini akimtazama bwana wake. Katika hii amesimama juu, wala bwana hayupo. Muhimu zaidi ni maandishi ya pale chini, yanayowataja wapagazi kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi, kisha yakaahidi kwamba apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Jina lipi? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuadhimishwa kwa majina, na pengine hawakuadhimishwa kabisa. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna pengo la watu 234,000. Taasisi iliyomtafutia askari wa Kizungu kaburi lake au jina lake ukutani inakadiria wafu wetu kwa malaki, na wengi wa wapagazi hao hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na utapiamlo. Ukiyafuta na maneno yale machache, umemalizia kazi aliyoianza karani wa kikoloni alipoona hakuna haja ya kuandika.

Kasoro yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba juu pale yupo askari peke yake, singe ikielekea bandarini, na mpagazi hayupo. Nairobi wanaye, katika sanamu tatu za Kenyatta Avenue. Jiji la Dar es Salaam likitaka kurekebisha, lianze na mpagazi, pamoja na bamba la kuwataja na wale waliofia upande wa Wajerumani. Suala la kung'oa lijadiliwe baada ya hapo.