Miaka 17 Kabla ya Santuri

Mtaani kwetu, kila baada ya alasiri hupita mtoto wa kike wa miaka 10 au 11, sinia kichwani, akiuza vitumbua. Wito wake si kama wa wengine. Anaanzia chini, anapanda kwenye "tu", kisha ile "mbua" anaishusha taratibu na kuizungusha kidogo kabla hajaiachia. Siku moja nilikuwa barazani naufunga udi nyuzi mpya, nikaitafuta sauti yake kwenye waya. Kesho yake nikaitafuta tena, na keshokutwa pia. Siku tatu mfululizo alianzia pale pale, wala hakuwa na chombo cha kumshika.

Wiki iliyopita mama yake akaja. "Mwalimu, kila mtu ananiambia mwanangu ana sauti. Kuna kijana wa studio kasema nikimpa laki tatu atamtoa."

"Kumtoa", yaani kumrekodi wimbo na kumtangaza awe msanii, ndilo neno lenyewe siku hizi. Nilimsihi asitoe hizo pesa, na leo nataka nieleze kwa nini, maana wazazi wenye swali hili ni wengi.

Mnamo 1880, huko Fumba, kisiwani Unguja, alizaliwa Mtumwa binti Saad, baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Kwao wakifinyanga vyungu, naye akavibeba kichwani kwenda kuviuza mjini. Muuza vyungu hana kibao cha duka, ana koo tu. Husimuliwa kwamba wateja walimtambua kwa wito wake angali mbali. Fikiria pumzi inayohitajika: jua limewaka, mzigo uko kichwani, miguu inatembea, na sauti lazima ifike ndani ya nyumba. Hakuna mwalimu aliyempa zoezi lile. Alipewa na biashara.

Mwaka 1911 akahamia mjini, umri umeshapita 30. Leo tungemwambia kachelewa. Huko ndiko alikokutana na Ali Muhsin, akamfundisha kuimba na kupiga udi. Akawa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri za kampuni ya HMV, za Kiswahili, pamoja na wenzake Maalim Shaaban, Subeti Ambar, Buda Swedi na Mbaruku Talsam.

Hesabu mwenyewe. Toka kuhamia mjini hadi kuingia kwenye santuri ni miaka 17. Tunapomsimulia Siti tunaruka kutoka vyungu hadi Bombay kana kwamba ni safari ya siku moja, na miaka ile ya katikati ndiyo iliyomfanya Siti. Usiku kwa usiku kundi lilikutana nyumbani kwake Ng'ambo, mtaa wa mji wa Zanzibar. Wanakaa, wanatunga, wanarudia, wanasahihishana. Taarabu ya jumba la Sultani ikiimbwa kwa Kiarabu. Wao wakaimba Kiswahili, wakaimba habari za mtaani na kesi za mahakamani, mambo ambayo mchukuzi na mpishi waliyaelewa neno kwa neno. Wapo waliomkejeli kwa asili yake, kwamba bila sauti angekula nini. Lakini sauti alizaliwa nayo, na kwa miaka 30 haikumtoa kwenye vyungu. Ilimtoa ilipopata mwalimu, kundi na lugha ya watu wake.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nimeona upande wa pili. Nilikuwa na mwanafunzi wa kiume, sikio lake kali kuliko langu. Akiwa na miaka 12 akapelekwa studio, wimbo ukatoka, mtaa mzima ukaupiga miezi miwili. Masomo akaacha, kwani msanii tayari. Alipobaleghe sauti ikakwaruza, ikashuka, na ule wimbo hakuweza tena kuuimba. Chombo hakujua, kutunga hakujua. Angekuwa na udi au fidla mkononi, angengoja sauti itulie huku akifanya muziki. Sasa hata kuimba harusini hataki.

Mafunzo yapo. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, na hapa Zanzibar chuo cha muziki cha nchi za jahazi kilianzishwa 2002. Asiye na nauli wala ada asidharau kasida za madrasa na dufu la Maulidi. Humo mtoto hujifunza pumzi, matamshi na kusubiri zamu yake. Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar aliyepata tuzo ya kimataifa ya muziki ya WOMEX mwaka 2005 akiwa bibi kizee, alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Kusikiliza nako ni shule.

Kwa hiyo nilimwambia yule mama: laki tatu nunua udi, hata uliotumika, zitakazobaki weka. Mimi nitamfundisha Jumamosi, bure.

Jumamosi akaja. "Shikamoo Mwalimu." Nikamwambia aite vitumbua kama kawaida yake, ile sauti ya mwisho asiiachie mpaka nimalize kuhesabu. Mara ya kwanza tulifika nne. Ya tano tukafika tisa, macho yamemtoka. Akapumzika, akanyoosha kidole kwenye waya mnene.

"Mwalimu, na huu unasemaje?"

Nikampa udi aupige mwenyewe.