Texas Wanaipima Shule, Sisi Tunamuanika Mtoto

Agosti huku Houston kuna jambo linalonifurahisha kila linapofika: serikali ya jimbo la Texas inatoa alama za shule zake za umma. Hizo si alama za wanafunzi. Ni za shule zenyewe, A, B, C, D au F. Mzazi anaingia mtandaoni, anaandika jina la shule, anaiona alama pamoja na hesabu iliyoizaa. Akitafuta matokeo ya mtoto wa jirani, hayapati. Ya mtoto wake anayafungua kwa namba ya siri aliyopewa, na kundi likiwa na watoto wachache mno takwimu yake inafichwa kabisa, ili mtu asije akajumlisha moja na moja akamjua aliyefeli.

Sasa fungueni matokeo yetu ya kidato cha nne huko nyumbani Tanzania. Namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, divisheni, kisha alama ya kila somo, mstari baada ya mstari, kwa yeyote mwenye simu na bando. Mtaa mzima wa Tandika, Dar es Salaam, ukishaijua namba ya mtoto wa mama fulani, kabla ya adhuhuri habari imefika kwa shangazi yake Chanika. Mtoto kaanikwa. Shule iliyokaa naye miaka minne imeandikiwa mistari michache: idadi ya kila divisheni, wastani wa kituo na ufaulu wa kila somo. Mistari hiyo haikuambii shule ilimpokea mtoto akiwa wapi na ikamfikisha wapi.

Najua kuna atakayesema, "Huyu kavuka bahari, sasa anakuja kutudharau." Ndugu yangu, siidharau Baraza la Mitihani. Tangu 1973 linatunga mtihani mmoja kwa nchi nzima. Watoto wanaandika majibu kwa mkono mwezi wa kumi na moja, walimu wanakusanywa vituoni kusahihisha, na Januari matokeo yako mezani. Marekani hawana kitu hicho. Kila jimbo lina mtihani wake, na upimaji wao wa taifa unachukua sampuli tu ya wanafunzi. Kwenye mtihani tumewazidi, na nalisema hilo kwa fahari popote nilipo. Kinachoniuma ni jinsi tunavyousoma mtihani mzuri kiasi hicho.

Chukua neno "ufaulu". Kidato cha nne tunahesabu masomo saba bora: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Divisheni ya nne inaanzia pointi 26 na kuishia 33. Mtoto mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, kwa hiyo amefaulu. D inaanzia alama 30. Yaani mtoto aliyepata 30 kwenye masomo mawili na kuanguka kwenye mengine yote anaingia kwenye kapu moja na mwenye divisheni ya kwanza ya pointi 7, na kapu hilo ndilo linalotangulia kwenye tangazo. Ndiyo maana tunaweza kusherehekea ufaulu uliopita asilimia 90 kwa mwaka 2024 huku Hisabati ikifaulisha karibu robo tu ya watahiniwa. Hakuna aliyesema uongo hapo. Kipimo tunachokisherehekea ndicho kina ngazi moja, na ngazi yenyewe iko chini.

Texas wanatumia ngazi tatu: mtoto anayeukaribia ufaulu, aliyeufikia, na aliyebobea. Wanachukua asilimia ya watoto waliofika kila ngazi, wanajumlisha, wanagawa kwa tatu. Tuhamishe hesabu hiyo nyumbani. Shule ina asilimia 90 kwenye divisheni I hadi IV, 30 kwenye I hadi III, na 3 kwenye I peke yake. Jumla ni 123, ukigawa kwa tatu unapata 41. Shule ya pili nayo ina 90, lakini kisha ina 60 na 21. Hiyo inapata 57. Kwa ufaulu tunaousherehekea Januari shule hizi mbili ni sawa. Hapa mwalimu mkuu anaona faida ya kumsukuma mtoto wa divisheni ya tatu aende ya kwanza. Kwetu, ukishamvusha mtoto kwenye D mbili, hesabu haikudai chochote zaidi.

Ila hata ngazi tatu hazitoshi, na hapa ndipo ninapowasihi mnisome taratibu. Kuna shule za mchujo zinazopokea watoto wenye A tu, na kidato cha pili zinawaondoa wenye wastani wa chini, au zinawahamishia kituo kingine wakafanyie mtihani huko. Kuna shule ya kata Mbagala inayompokea kila aliyepangiwa, wakiwemo waliotoka Kayumba, yaani shule za msingi za serikali, za kusoma kwa zamu na kuingia kidato cha kwanza wakikutana na Kiingereza cha masomo yote kwa mara ya kwanza. Kuzilinganisha shule hizi kwa divisheni za mwisho ni kupima uzito wa mzigo bila kuuliza ulipakiwa wapi.

Texas wanapima hatua. Kusoma na Hisabati vinatahiniwa kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, kwa hiyo wanajua mtoto alikuwa ngazi gani mwaka jana na yuko ipi mwaka huu. Pia wanailinganisha shule na nyingine zenye kiwango kama chake cha watoto wa familia maskini. Kati ya matokeo ghafi na maendeleo, wanachukua kubwa na kuipa uzito wa asilimia 70. Asilimia 30 zinazobaki ni za kuangalia kama makundi yaliyo nyuma yanafikia malengo. Shule yenye 60 kwenye matokeo, 85 kwenye maendeleo na 70 kwenye makundi inafanyiwa hivi: 85 mara 0.7 ni 59.5, 70 mara 0.3 ni 21, jumla 80.5, ambayo ni B. Shule ya watoto maskini inapata B kwa kazi yake halisi. Natamani mwalimu wa Mbagala aione siku hiyo, kwa sababu ninaamini wako walimu kule wanaofanya kazi kubwa kuliko ya shule zenye majengo ya vioo, na hakuna karatasi hata moja ya serikali inayowatambua.

Halafu kuna waliopotea. Walianza kidato cha kwanza 240, wakafanya mtihani 150, wakafaulu 135. Tunatangaza asilimia 90. Toa 20 wenye barua za uhamisho, wanabaki 220. 135 kwa 220 ni asilimia 61. Marekani kiwango cha kuhitimu kinahesabiwa hivyo: walioanza pamoja, ongeza waliohamia, toa waliohama kwa ushahidi wa karatasi. Aliyetoweka bila karatasi anabaki kwenye hesabu kama aliyeacha shule. Kwetu aliyetoweka anaipandishia shule ufaulu, kwa sababu hayumo kwenye idadi tunayogawia.

Mtasema Wamarekani nao wanachakachua. Kweli kabisa. Atlanta uchunguzi wa jimbo ulikuta walimu na wakuu wa shule wakirekebisha majibu ya wanafunzi, na mwaka 2015 kuna waliotiwa hatiani. Houston hii hii iliwahi kuumbuka kwa takwimu za walioacha shule. Na Texas ilipopandisha kiwango cha kupata A kwenye kigezo cha wahitimu walio tayari kwa chuo, kazi au jeshi kutoka asilimia 60 hadi 88, wakati wahusika wameshahitimu, wilaya zilikwenda mahakamani, na alama za 2023 hazikutoka hadi 2025. Kila kipimo chenye adhabu kinazaa ujanja, na hilo hata sisi tunalijua. Mwaka 2013 mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa ulizipanga shule kwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Watafiti walioufuatilia mpango ule walikuta shule za mkiani kwenye wilaya zao zilipandisha alama, lakini pia zilipunguza idadi ya watoto waliofanya mtihani wa darasa la saba. Inaelekea walioonekana dhaifu waliondolewa njiani. Sababu ni ile ile: wastani ulihesabu waliokaa kwenye dawati siku ya mtihani tu.

Mwaka 2023 Baraza likaacha kutangaza kumi bora, shule na wanafunzi. Ninaunga mkono. Orodha ile ilikuwa tangazo la biashara la shule za mchujo. Lakini tumeifuta bila kuweka kitu mahali pake, na mzazi wa Gongo la Mboto anayetaka kujua shule ya mtaani kwake inafanya nini amebaki na kauli za vijiweni.

"Hela za mifumo hiyo tutatoa wapi?" Mitihani tunayo tayari: darasa la nne na la saba, kidato cha pili na cha nne. Mtoto ana namba ya PReM, ile ya mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, tangu shule ya msingi, na anahama nayo. Kazi iliyobaki ni kuunganisha mafaili mawili kwa namba hiyo, na kuhesabu walioonekana la kwanza wakakosekana la pili. Ni kazi ya watu wachache wenye kompyuta. Na iharakishwe, kwa sababu sera mpya inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na vituo vya kupimia vitahama.

Waanze na manispaa moja, hata Temeke. Wachukue kundi lililofanya kidato cha pili na sasa limemaliza cha nne. Kwa kila shule watoe namba nne tu: wastani wa ngazi tatu, hatua kutoka kidato cha pili, asilimia ya walioanza waliofika mwisho, na mahudhurio. Matokeo ya mtoto mmoja mmoja yafungwe, ayaone yeye na mzazi wake. Karatasi ya shule ibandikwe ofisi ya kata kabla ya mkutano wa kwanza wa wazazi wa mwaka, na mkuu wa shule apewe nafasi ya kuieleza mwenyewe.