Utando wa polima na gharama ya asidi yake
Utando wa polima unaotenganisha pande mbili za mtambo wa kuzalisha haidrojeni kutokana na maji hudaiwa kazi mbili zinazopingana: upitishe ioni (chembe zenye chaji ya umeme) kwa wepesi, na papo hapo uzuie gesi zisikutane. Uliozoeleka zaidi, Nafion, uliobuniwa na kampuni ya DuPont ya Marekani katika miaka ya 1960, umejengwa kwa kaboni na florini, una matawi ya asidi ya salfoniki, na ukilowa maji hupitisha protoni, yaani ioni za haidrojeni.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Mtambo wake huhimili mkondo wa ampea 2 kwa kila sentimita ya mraba, mara kadhaa ya ule wa mitambo ya zamani inayotumia myeyusho wa alkali (kinyume cha asidi), na huenda sambamba na umeme wa jua unaopanda na kushuka. Hapo pa umeme wa jua, hata hivyo, pana kasoro. Utando wa mikromita 180 ukipunguzwa hadi 50, umeme mwingi huokolewa, lakini haidrojeni inayopenya kuelekea upande wa oksijeni nayo huongezeka. Wingu likifunika jua, oksijeni inayozalishwa hupungua ilhali haidrojeni inayopenya hubaki karibu ileile, hivyo uwiano wake hupanda kuelekea asilimia 4, ambapo mchanganyiko huo huweza kuwaka. Ndiyo maana wapo wanaotia chembe za platinamu ndani ya utando, ili haidrojeni iliyopenya igeuzwe tena kuwa maji kabla haijavuka.

Wapinzani hushikilia florini: kemikali za jamii hiyo haziozi, na mwaka 2023 Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Norwe na Uswidi zilipendekeza zidhibitiwe Ulaya. Ni kweli, ila naona hoja hiyo imeifunika hoja nyingine iliyo kubwa kuliko yenyewe. Kinacholemea zaidi ni ile asidi, kwa kuwa humlazimisha mtengenezaji kutumia iridiamu, metali inayoihimili asidi hiyo, upande wa oksijeni; ni madini ambayo dunia nzima hupata tani chache tu kwa mwaka, sehemu kubwa kutoka Afrika Kusini.

Tando zinazopitisha ioni za haidroksidi, ambazo hufanya kazi katika alkali badala ya asidi, huliondoa kongwa hilo, maana nikeli hustahimili alkali. Tatizo ni kwamba haidroksidi hiyohiyo huzishambulia sehemu za polima zinazoibeba, na utando huchakaa mapema mno ukilinganishwa na ule wa florini, unaotarajiwa kudumu makumi ya maelfu ya saa. Marufuku ya kemikali za florini ikitangulia dawa ya uchakavu huo, wengi watarudi kwenye mitambo ya alkali, ambayo kizuizi chake kina vinyweleo na hupata taabu zaidi wingu linapotanda.