Msiliogope jina Demetrio

Wapo wanaowaonya wazazi Wakristo wasiwape watoto majina yenye asili ya kipagani, wakidai kwamba jina humfunga mtoto na mungu anayetajwa ndani yake. Sikubaliani nao hata kidogo, na ushahidi wangu ni jina Demetrio.

Asili yake iko wazi. Kwa Kigiriki ni Demetrios, yaani wa Demeter, mungu wa kike aliyeaminiwa kuotesha nafaka, ambaye ibada zake za siri zilifanyika Eleusis, karibu na Athens. Wafalme nao walilipenda. Demetrios wa Makedonia, aliyeuzingira mji wa Rhodes mwaka 305 KK, alipata hata lakabu ya Poliorketes, mzingiraji wa miji.

Sasa fungua Agano Jipya. Wamo Demetrio wawili. Katika Matendo 19 yupo mfua fedha wa Efeso, aliyewachochea mafundi wenzake dhidi ya Paulo kwa kuhofia biashara yao ya vihekalu vya Artemi. Mwingine yumo katika waraka wa tatu wa Yohana, naye anasifiwa kwamba watu wote wamemshuhudia vema. Jina ni lile lile, mienendo mbali mbali kabisa. Wala waraka ule haumwambii atafute jina jipya. Tena hakuwa peke yake: Apolo, yule mhubiri hodari mzaliwa wa Aleksandria, alibeba jina lenye asili ya mungu Apollo, na Epafrodito, aliyempelekea Paulo msaada kifungoni, alibeba la Aphrodite. Paulo anamwita Epafrodito ndugu yake na askari mwenzake. Natamani mahubiri yetu yangeligusa jambo hili mara nyingi zaidi.

Baadaye akaja Demetrios wa Thessaloniki, mfiadini wa mwanzoni mwa karne ya 4, ambaye Wagiriki humwadhimisha tarehe 26 Oktoba. Heshima yake ilisaidia sana kulieneza jina hilo kwa mataifa ya Ukristo wa Mashariki, hata Warusi wakawa na Dmitri wao.

Kwa hiyo anayemwita binti yake Demetria leo anamkumbuka mtakatifu, au nyanya yake aliyebatizwa kwa jina hilo. Demeter hamo kabisa katika nia yake. Kama umeshamwandikisha mtoto na sasa maneno ya watu yanakunyima usingizi, acha cheti cha ubatizo kibaki kama kilivyo.